Bolti ya breki imegoma: mafuta, mpini mrefu, moto au kuchomelea?

Ulizia gereji yoyote dawa ya bolti iliyoganda na kila fundi atakujibu kwa kujiamini. Mmoja atasema spreyi, mwingine pawa ba (mpini mrefu wa kufungulia), wa tatu ataagiza mtungi wa gesi uletwe. Kila mmoja amewahi kufanikiwa kwa njia yake, ndiyo maana hakuna anayebadili msimamo. Lakini bolti za breki hazifanani. Bolti ya breketi ya kalipa (breketi ni mkono wa chuma unaoibeba kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski) ni chuma kinene kilichoingia kwenye chuma kinene. Nipeli ya kutolea upepo ni kijibomba chenye tundu katikati. Nati ya paipu ya breki imekumbatia paipu nyembamba ambayo ikijikunja umeingia gharama nyingine. Njia inayoikomboa ya kwanza ndiyo inayoikata ya pili. Kwa hiyo nitalinganisha njia hizi kwa kuangalia kilicho jirani na bolti na kitakachoharibika mambo yakienda vibaya. Swali la ipi ina nguvu zaidi linakuja nyuma sana.

Kwanza jua imegoma kwa sababu gani

Ya kwanza ni kutu. Gari lililoishi Mombasa, Tanga au Unguja hula upepo wa bahari kila siku. Kuna pia kutu ya kuagizwa: gari la mtumba lililotumika Hokkaido na mikoa mingine ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini misimu saba ya theluji inatosha kuifanya chini ya gari iwe nyekundu huku rangi ya juu inang'aa. Wanunuzi wengi huangalia kilomita na siti. Mimi ningeanza kumulika tochi nyuma ya gurudumu.

Ya pili ni kukazwa kupita kiasi. Fundi aliyetangulia alitumia mashine ya upepo mpaka ikagoma kuzunguka, akaridhika. Bolti hii ni safi, kavu, haina kutu, na spreyi yako haitaifanya lolote la maana kwa sababu hakuna kitu cha kulainishwa. Inataka nguvu tu.

Ya tatu ni kichwa kilicholika. Hapa nyuzi huenda hazijaganda hata kidogo, shida ni kwamba spana haina pa kushika. Kila ukiongeza nguvu unazidi kuviringisha kichwa.

Tofauti hizi tatu huonekana kwa macho, na dakika moja ya kuangalia inaokoa kazi ya saa nzima.

Mafuta

Kopo la kawaida la WD-40, lile la bluu na manjano, lilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza unyevu kwenye chuma. Linapenya kiasi, ila kwenye kutu nzito ni mafuta dhaifu, na kampuni yenyewe siku hizi inauza kopo jingine mahususi la kupenya kutu. Ukipata hilo, au spreyi yoyote iliyoandikwa kuwa ni ya kufungua nati zilizoganda, ni afadhali zaidi.

Mbadala wa bei nafuu ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Asetoni hufanya mafuta yawe mepesi ya kuingia kwenye upenyo, kisha inayeyuka hewani na kuyaacha mafuta ndani. Hujitenga yakiachwa, kwa hiyo tikisa kila unapotumia. Yahifadhi kwenye kopo la chuma, usiyakaribishe kwenye rangi ya gari wala plastiki, na yasikae karibu na moto wa aina yoyote. Kwa bolti ya breketi mimi huchagua huu kuliko WD-40 ya kawaida. Mafuta ya taa na dizeli nayo hufanya kazi, ila yanataka subira: paka jioni, fungua asubuhi.

Subira ndiyo bei halisi ya njia hii. Anayepuliza spreyi na kuvuta spana papo hapo hajaitumia, ameilowesha bolti tu. Sugua kwanza kwa brashi ya waya mpaka uone mahali chuma kinapokutana na chuma, puliza, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa ili mtikisiko ufungue njia, subiri, rudia. Na usisahau upande wa pili. Kwenye Toyota nyingi bolti ya breketi huingilia nyuma, inapita kwenye nakoli (chuma kinachobeba gurudumu), halafu nyuzi zake hushika kwenye breketi yenyewe; mara nyingi mkia wake huonekana upande wa diski. Huko kwenye mkia ndiko nyuzi zilizooza ziliko, na huko ndiko mafuta yanatakiwa kuingia. Watu wengi humaliza kopo zima kwenye kichwa.

Hatari yake haisemwi sana. Raba zilizo ndani ya kalipa na silinda za magurudumu zimetengenezwa kustahimili mafuta ya breki. Zikiguswa na mafuta yoyote ya jamii ya petroli, iwe dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya injini au spreyi yenyewe, huvimba. Raba iliyovimba hushika pistoni, pistoni isirudi, na gari linaanza kukokota breki wiki mbili baada ya wewe kusahau kwamba ulipuliza kitu. Funika kalipa na hozi kwa kitambaa kabla ya kupuliza. Pedi ziondoe kama zinaondoka, na diski isafishwe kabla ya kufunga. Pedi iliyokunywa mafuta usiihangaikie, nunua nyingine.

Mpini mrefu au mashine ya kugonga

Zote mbili huitwa nguvu, ila hufanya kazi tofauti kabisa. Mpini mrefu husokota bolti polepole na kwa nguvu inayoongezeka. Impakti, iwe ya upepo au ya betri, hupiga vipigo vifupi vingi, na kila kipigo hupasua kutu kidogo kabla bolti haijapata muda wa kujisokota. Kwa bolti nene iliyoganda kwa kutu, impakti ndiyo salama zaidi kati ya hizo mbili, na wengi wasioijua huamini kinyume chake.

Piga hesabu ndogo. Mpini wa sentimita 60 ukivutwa kwa uzito wa kilo 50 hutoa takriban Nm 300 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kusokota). Bolti ya breketi kwenye Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa karibu Nm 100. Ukichomeka bomba la mita moja juu ya mpini na ukaning'inia, umeshavuka Nm 500, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kama kitakachosalimu amri ni kutu au ni bolti.

Faida ya mpini ni kwamba unahisi. Bolti inayokubali hutoa mlio mmoja mkavu, "ka!", kisha inalegea ghafla. Bolti inayotaka kukatika haitoi mlio: mpini unakuja kwako taratibu kama unakunja waya, bila kishindo, na ukiuachia unarudi kidogo. Ukihisi hivyo, acha hapo hapo. Rudi kwenye mafuta au nenda kwenye moto. Na hata ikikubali, usiifungue kwa mkupuo. Zungusha robo, rudisha kidogo, ongeza mafuta, zungusha tena. Unga wa kutu ukijaa kwenye nyuzi unaweza kuigandisha upya ikiwa katikati ya safari.

Kuna jambo dogo linalowakwamisha wanaojifunza. Kichwa cha bolti ya breketi kiko upande wa ndani, nyuma ya diski. Ukisimama mbele ya gurudumu na kunyoosha mkono nyuma, mwelekeo wa kufungua unaonekana umegeuka. Nimeshaona watu wakikaza kwa nguvu zote bolti wanayodhani wanaifungua. Geuza usukani mpaka breketi itazame nje, kaa mahali unapokiona kichwa uso kwa uso, kisha fungua kinyume cha saa kama kawaida.

Soketi iwe ya pembe sita. Ile ya pembe 12 hushika kwenye kona tu, na kona zilizoliwa na kutu ndizo za kwanza kuondoka. Kama ni 17 mm basi iwe 17 inayobana, sio 11/16 iliyookotwa kwenye sanduku la mjomba.

Mahali ambapo impakti haina kazi: nipeli, nati ya paipu, na bolti ndogo za pini za kalipa, zinazoishika kalipa kwenye breketi. Hizi za mwisho zina kichwa cha 12 au 14 mm na hukazwa kwa takriban Nm 34 tu. Shida yao kubwa ni kwamba pini yenyewe huzunguka pamoja na bolti na kuichana raba ya vumbi. Ishike pini kwa spana bapa ya wazi, fungua bolti kwa spana ya ringi, na kwa kawaida hapo hakuna vita.

Kabla ya kuvuta chochote kwa mpini mrefu, gari liwe juu ya stendi, magurudumu ya upande wa pili yawe yamewekewa kabari. Jeki peke yake haiwezi kuvumilia mivuto hiyo.

Moto

Hii ndiyo njia yenye mafanikio makubwa kwenye kutu nzito, na ndiyo ninayoona ikitumiwa vibaya kuliko zote.

Chuma kikipata joto hutanuka. Tundu la kipenyo cha 10 mm, chuma chake kikipandishwa nyuzijoto 300, linapanuka kwa takriban 0.036 mm. Ni kidogo mno kwa jicho, ila inatosha kuvunja kutu iliyoshika kati ya nyuzi. Kwa hiyo lenga moto kwenye sikio la breketi, pale penye nyuzi, ili tundu ndilo litanuke, na bolti uiache iwe ya baridi kadiri inavyowezekana. Wapo wanaofanya kinyume: wanaiwasha bolti mpaka iwe nyekundu, wanaiacha ipoe, ndipo wanafungua. Nayo hufanya kazi, kwa sababu bolti hujaribu kutanuka ikakosa nafasi, na ikipoa inabaki imelegea. Bei yake ni kwamba bolti iliyofika wekundu imepoteza ugumu wake wa kiwandani. Hairudi kwenye gari.

Mtungi mdogo wa gesi wa mkononi unatosha kwa breketi isiyooza sana. Faida yake ni kwamba ni vigumu kuharibu kitu nao kwa haraka. Oksijeni na asetilini humaliza kazi kwa nusu dakika, lakini katika nusu dakika hiyo hiyo inaweza kuwa imeshaunguza raba ya boljointi, buti la ekseli, waya wa sensa ya ABS na grisi ya beringi, vyote vikiwa ndani ya upana wa kiganja kutoka kwenye bolti yako. Kama huna mkono uliozoea, chagua mtungi mdogo na uongeze muda.

Kuna mipaka ambayo mimi siivuki. Kalipa iliyo na mafuta ya breki ndani haipigwi moto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzijoto 205, ya DOT 4 kwenye 230, na mafuta hayo yanawaka. Kwanza toa kalipa, itundike kwa waya mbali (isining'inie kwa hozi), ndipo ushughulike na breketi. Nakoli ya alumini, ambayo utaikuta kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, nayo usiipige moto mkali: alumini hulainika kabla haijaonyesha dalili yoyote ya rangi.

Na hili hapa linaua watu. Baadhi ya spreyi za kusafishia breki zina viyeyusho vyenye klorini. Zikikutana na moto au na cheche za kuchomelea, hutoa gesi ya fosijini, ambayo ilitumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Soma kopo, ukiona tetrachloroethylene au neno lolote lenye "chloro", spreyi hiyo na moto visikutane siku hiyo. Zile zisizo na klorini nazo zinawaka kirahisi. Kama umeshapuliza hizi zisizo na klorini, futa, acha pakauke kabisa, fungua milango ya gereji, ndipo uwashe. Mafuta yako ya asetoni yanahesabika humu humu, kwa hiyo utaratibu ni mafuta kwanza kwa siku nzima, kukausha, kisha moto. Kupuliza spreyi juu ya chuma chenye moto ni maonyesho ya kwenye video tu.

Kichwa kikiwa kimeondoka

Hapa uchaguzi unakuwa kati ya mambo matatu. La kwanza na jepesi: chukua soketi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo, igongee kwa nyundo juu ya kichwa kilicholika mpaka ing'ate, kisha fungua. Soketi hiyo inaweza isifae tena, na hilo si tatizo. Vaisi gripu (koleo linalojifunga) inasaidia kama kichwa kimetokeza vya kutosha.

La pili ni kuchomelea nati juu ya kichwa au juu ya kipande kilichobaki. Kati ya njia zote za bolti iliyokatika, hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza kama yupo fundi wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu, kwa sababu unapata vitu viwili kwa mpigo: kichwa kipya cha kushika, na joto lililoingia moja kwa moja ndani ya bolti. Nati iwe kubwa kidogo kuliko bolti, achomelee kupitia tundu la nati, na usubiri wekundu uishe kabla ya kuzungusha. Chomoa betri ya gari. Klempu ya arthi ibanwe kwenye breketi yenyewe, sio kwenye bodi, ili umeme usipite kwenye beringi wala sensa.

La tatu ni kutoboa na kutumia ekstrakta, kifaa kinachoingizwa kwenye tundu ili kuizungusha bolti itoke. Nalitaja kwa sababu linauzwa kila duka la vifaa, lakini kwenye breki silipendi. Ekstrakta ni chuma kigumu na chembamba, na bolti iliyokataa Nm 200 haitaikubali. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiitoboi tena, na kazi iliyokuwa ngumu imekuwa ya karakana ya mashine. Kama ni lazima kutoboa, piga alama katikati kabisa, anza na biti ndogo, na ukiipata biti inayokata kuelekea kushoto itumie hiyo: mara nyingine kipande hutoka chenyewe wakati wa kutoboa.

Bolti ikikatikia ndani ya breketi, jiulize bei ya breketi kabla ya yote hayo. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) breketi ya mtumba ya Toyota Probox au Vitz haiwezi kukosekana, na muda wa fundi wa kuchomelea nao una bei. Ikiwa imekatikia kwenye nakoli, hapo inafaa kupigana.

Nipeli, ambayo haina msamaha

Nipeli ina kichwa cha 8 au 10 mm na hukazwa kwa takriban Nm 8 hadi 11, nguvu ya kiganja tu. Ina tundu katikati, kwa hiyo haina nyama. Mpini mrefu hapa ni hukumu. Chaguo langu ni hili: safisha tundu kwa waya, chomeka shina la biti ya drili linaloingia bila kulegea ili tundu lisijikunje, weka soketi fupi ya pembe sita, gonga nyuma ya soketi huku ukijaribu kukaza kidogo, halafu kufungua kidogo, kukaza, kufungua. Ikisogea hata kwa upana wa unywele umeshinda. Endelea na kwenda na kurudi. Mafuta ya kupenya yaguse nje tu.

Ikikatika, kalipa huondolewa na kupelekwa mezani, au hununuliwa nyingine. Kuna mafundi hufungua nati ya hozi na kutolea upepo hapo. Kwa kusukuma gari mpaka nyumbani sawa. Kama matengenezo, hapana.

Nati ya paipu ya breki, kwa kawaida 10 mm, inataka spana yake ya ringi iliyopasuliwa mdomo. Spana bapa ya kawaida itaila kona mbili mara ya kwanza. Kama paipu inazunguka pamoja na nati, simamisha: paipu mpya ndiyo jibu, na ni bora ujue hilo kabla haijapasuka.

Ngoma ya nyuma inayokataa kutoka wengi huipiga nyundo tu. Kabla ya hapo shusha handibreki, na utazame uso wa ngoma: Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi za M8. Weka bolti mbili, kaza moja nusu mzunguko, kisha nyingine, kwa zamu, na ngoma itajisukuma yenyewe. Ikianza kutoka kisha ikakwama, viatu vya breki vimeshika ukingo wa ndani; legeza ajasta kupitia tundu la nyuma.

Wakati wa kurudisha, bolti iliyopigwa moto, iliyovutika au yenye nyuzi zilizokonda ibadilishwe. Bolti za breketi huwa na alama ya ugumu kichwani, na mbadala wake uwe sawa au zaidi. Zile za duka la vifaa vya ujenzi zisizo na alama, au zenye 4.6, hazina mahali kwenye breki hata kama zinaingia vizuri. Safisha nyuzi za breketi kwa tepu ya kukatia nyuzi. Pini za kalipa zipate grisi ya silikoni ya breki, kwa sababu grisi ya kawaida nayo huvimbisha raba zake. Kaza kwa spana ya kipimo kwa namba ya kitabu cha gari lako, kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja, na baada ya siku chache za kuendesha zipitie tena bolti za breketi kwa spana ile ile.